Kuanza maisha ya wawili kule Gent: mambo yenye hatukuambiwa mbele ya kupanda ndege



Kila wiki napata mesaji zenye kufanana. Mmoja anauliza: "Grand, nimepata bursi, bibi yangu anaweza kunifuata?" Mwingine: "Yaya, Bulaya watu wanaanzaka namna gani?" Nilikuwa najibu mmoja mmoja, sasa nimechoka, njo maana naandika mara moja kwa wote. Sitasema juu ya viza peke yake. Viza ni mlango tu. Nyuma ya mlango kuko nyumba, na mu ile nyumba munaingia watu wawili wenye hawajakuwa wageni pamoja hata siku moja.

Kwetu sisi, si mimi njo nilipata bursi. Ni bibi yangu. Tulisoma wote wawili agronomi kule Bukavu, alinipita kwa pointi (na bado ananikumbusha), kisha akachaguliwa kwa masta ya nematoloji ku chuo kikuu cha Gent, ku Ubelgiji. Nematoloji ni elimu ya ile minyoo midogo sana ya udongo, yenye inakulaka mizizi ya migomba yetu bila mtu kuiona. Mimi nilikuwa natumika na koperativi, nafundisha wakulima wa Kabare namna ya kupigana na mnyauko wa migomba. Yeye alitangulia mwezi wa tisa. Mimi nilifika miezi minane kisha, mwezi wa tano, kama "bwana ya mwanafunzi". Hilo jina mutaliona tena chini.

Tuanze na karatasi, juu bila karatasi hakuna kitu. Ubelgiji haiulizi kama mulitoa ng'ombe za mahari, wala kama padri aliwabariki. Inauliza akti ya ndoa ya leta. Kwetu wengi wanafanya mahari, kisha kanisa, na ndoa ya leta wanasema "tutaenda siku ingine". Ile siku ingine njo inakula mwaka. Sisi tulikuwa na picha, tulikuwa na video, keki ilikuwa ya ngazi tano, lakini ku komini hatukuwa tumefika. Tulikimbia kuandikisha ndoa wiki mbili mbele bibi asafiri. Kama angeondoka bila hiyo, nadhani leo ningekuwa bado Bukavu.

Akti peke haitoshi. Inapaswa kupata stampu ya Wizara ya Mambo ya Nje kule Kinshasa, kisha stampu ya ambasade. Kwa sisi watu wa Mashariki, Kinshasa ni tiketi ya ndege, ni kulala kwa ndugu, ama ni kutuma mtu na kungoja simu yake. Ongeza hapo akti ya kuzaliwa, karatasi ya kuonyesha kama hauna kesi, na cheti cha daktari. Upande wake, mwenye kubaki Bulaya anaonyesha kama ako na nyumba yenye inatosha watu wawili, na asiransi ya magonjwa kwa wote wawili, na makuta yenye inaingia kila mwezi. Na jina lako liandikwe sawasawa ku kila karatasi, herufi kwa herufi. Ku akti yangu ya kuzaliwa walisahau herufi moja ya posti-nomu. Ile herufi moja ilinilisha miezi miwili.

Sasa nyumba. Bibi yangu alikuwa anakaa mu chumba ya wanafunzi, kitanda kimoja, meza moja, jiko la kushirikiana na watu kumi. Chumba vile haikubaliwi kwa watu wawili. Kwa hiyo alitafuta apartima mbele mimi nifike, peke yake, wakati wa mitihani. Gent ni mji wa watu zaidi ya 260.000, na chuo kikuu peke kiko na wanafunzi zaidi ya 40.000, mutaelewa kama nyumba ni vita. Wenye nyumba wengine wakisikia sauti ku telefone, apartima "imechukuliwa" palepale. Hiyo iko, sitaificha. Alipata ya kumi na moja.

Mambo mawili ku nyumba mushike vizuri. La kwanza ni garanti. Ku Flandre, toka mwaka 2019, mwenye nyumba anaweza kuomba garanti mpaka ya miezi mitatu. Lakini ile makuta haiingie mu mfuko yake. Inawekwa ku banki, mu konti yenye imefungwa, kwa jina lako wewe, na hakuna mwenye anaweza kuitoa peke yake mbele ya mwisho, paka mukubaliane ama tribinali iamue. Mtu akikuambia "nipatie mu mkono, cash, nitakupatia funguo kesho", ujue funguo hakuna. Mwenzetu mmoja alipoteza hivyo makuta yenye familia nzima ilichanga. La pili ni ile karatasi yenye inaeleza hali ya nyumba siku ya kuingia. Kila tobo ku ukuta, kila alama ku parke, piga picha na uandikishe. Siku ya kutoka, chenye hakikuandikwa kitakuwa chako.

Ukifika, uko na siku 8 za kazi kwa kujiandikisha ku komini. Kisha komini inatuma polisi wa kartié kuona kama unakaa pale kweli. Hapa nilifanya ujinga wenye bado unachekesha bibi yangu. Hakuna mwenye aliniambia kama jina langu linapaswa kuwa ku kengele na ku sanduku la barua. Siku moja kengele inalia, naangalia ku dirisha, naona polisi. Wandugu, mumenijua, nimekomalia Bukavu. Polisi akija ku nyumba yako bila kuitwa, hauendi kumufungulia na tabasamu. Nilizima televizyo, nikakaa kimya mu kuloni kama mwizi mu nyumba yangu mwenyewe. Akarudi mara ya pili, nikafanya vilevile. Bibi aliporudi jioni nikamwambia kwa majivuno: "Cheri, walikuja tena, sikufungua." Alishika kichwa. Karte yangu ilichelewa juu ya hiyo, na bila karte hauwezi kufungua konti ya banki, hauwezi kuingia vizuri mu mituweli, hauwezi kutumika. Kwa hiyo andika majina yote mawili ku kengele siku ya kwanza. Na ukiona polisi, fungua, musalimie. Anaandika tu kama uko, anaenda.

Mituweli nayo ni neno lenye muzoee. Kila mtu anajiunga na mituweli moja, anachagua mwenyewe. Unaenda kwa daktari, unalipa, mituweli inakurudishia sehemu kubwa. Haiko kama kwetu kwenye unaingia farmasi na kuomba antibiotiki tatu. Bila karatasi ya daktari hauipati, hata ulie.

Luga. Hapa wengi wetu tunajidanganya. Tunasema: Ubelgiji walitutawala, Ubelgiji ni Kifaransa, sisi tunakijua, basi. Hapana. Ile nchi iko na luga tatu za leta: Kiholanzi kaskazini, Kifaransa kusini, na Kijerumani kidogo ku mpaka wa mashariki. Bruxelles iko na mbili pamoja. Gent iko kaskazini, na kule ofisi ya leta inafanya kazi kwa Kiholanzi, sheria njo inasema vile. Mtu wa ofisi anaweza kujua Kifaransa kuliko wewe na bado akujibu kwa Kiholanzi. Mwanzoni nilifikiri ni dharau. Kisha jirani akanieleza historia: zamani kule wakubwa walikuwa wanasema Kifaransa, mkulima akienda ku tribinali alihukumiwa kwa luga yenye hasikii. Chuo kikuu cha Gent chenyewe kilianza kufundisha kwa Kiholanzi kitupu mu mwaka 1930. Mimi mtoto wa Kongo mwenye alisoma sheria na sayansi kwa luga ya watu wengine, nilipoelewa ile hadithi hasira ilipungua. Nilijiandikisha ku shule ya watu wakubwa, kiwango 1.1, kisha 1.2. Bibi yangu yeye anasoma masta kwa Kiingereza, hahitaji Kiholanzi sana. Hapo njo nilianza kuwa na kitu chenye yeye hana, na mutaona kama hiyo ilisaidia.

Juu sasa naingia ku jambo lenyewe lenye watu hawaniulizaka, na njo lenye lilitaka kutuvunja.

Nilifika mwezi wa tano. Mwezi wa sita jua linazama karibu saa ine ya usiku, kila mtu ako inje, ku maji, ku kinga. Nikasema Bulaya ni paradizo. Mwezi wa kumi na mbili jua linatoka karibu saa tatu kasoro robo ya asubuhi, na saa kumi na dakika arobaini ya mangaribi limekwisha kuzama. Bibi anatoka na giza, anarudi na giza. Mimi mwenye karte yangu ilichelewa, niko mu nyumba, naosha vyombo, napika sombe ya frigo, nangoja. Kule Kabare wazee walikuwa wananiita "Injenia". Gent nilikuwa jina ku karatasi ya mtu mwingine.

Na si maneno ya bure. Karte ya mwenye kufuata inategemea karte ya mwenye kufuatwa. Bibi akimaliza masomo, haki yangu ya kukaa inaisha na yake. Tukiachana, inaweza kutoweka mbele ya hapo (kuko na ulinzi kwa mwenye kupigwa ama kuteswa mu nyumba, mulijue hilo, wadada zaidi). Kila mwanamume wa kwetu mwenye anasoma hapa ajiulize: mimi naweza kukaa miaka miwili na karte yenye inategemea bibi, na nisigeuze hiyo kuwa vita? Mimi sikuweza, mwanzoni. Nilikuwa napima kila neno lake. Akisema "tumeisha makuta", nasikia "haulete kitu". Akichelewa ku laboratwari, nasikia "hapendi kurudi". Yeye naye alikuwa na mzigo wake: mitihani, bursi yenye ilipangwa kwa mtu mmoja na sasa inakula wawili, na simu za nyumbani, zangu na zake.

Mwezi wa kwanza ikaja bili ya mwaka ya gazi na kura. Kila mwezi tulikuwa tunalipa kiasi kimoja, tukafikiri njo bei. Kumbe ile ni kitangulizi tu. Mwisho wa mwaka wanasoma kontere na kukuomba kenye kimebaki. Mimi mchana kutwa nilikuwa nawasha shofaji mpaka nabaki na shati. Ile bili ilipita mwezi mzima wa chakula. Tuligombana usiku ule kwa sauti ya kunong'ona, juu kuta ni nyembamba na majirani wanalala mapema. Akaniambia: "Papa, mimi sikukuleta kwa kukulinda kama mtoto." Nikajibu maneno yenye sitaandika hapa. Siku tatu hatukuongea.

Hakuna mzee wa kuita. Hiyo njo tofauti kubwa. Bukavu, mukigombana, ku siku ya pili shangazi ako mu saluni, ku siku ya tatu bamukwe wanaitana. Gent hakuna mwenye anajua kama mumegombana. Tulipiga simu kwa yaya wake mkubwa, kila mmoja kwa wakati wake. Hakuhukumu. Aliuliza tu: "Makuta mnayahesabu pamoja ama kila mtu na yake?" Hatukuwa tunahesabu kabisa. Jumamosi yake tulikaa ku meza na daftari, tukaandika kila kitu: nyumba, gazi, chakula, tren, makuta ya kutuma nyumbani. Hapo njo niliona kama alikuwa anatuma kila mwezi kwa mama yangu mimi, bila kuniambia, ili nisione haya.

Tulipatana mambo machache yenye tunafuata mpaka leo. Makuta ya nyumbani ni kiasi kimoja kwa mwezi, pande zote mbili sawa, na mwenye kujibu simu ni mtoto wa ile familia, si mkwe. Shofaji haiwashwe mchana mtu mmoja akiwa peke, anavaa pulover. Na mimi nikachukua makaratasi yote ya Kiholanzi: komini, mwenye nyumba, mituweli, bili. Bibi hasomi barua hata moja. Inaonekana kitu kidogo, lakini toka siku hiyo nyumba ilikuwa na mtu mwenye anajua barua ya kijani inataka nini.

Karte ilipotoka, angalieni mstari mmoja wenye watu wanapita: ule wenye unasema juu ya soko la kazi. Ikiandikwa "onbeperkt", unaweza kufanya kazi bila kuomba ruhusa ingine. Ikiandikwa "beperkt", kuko na mipaka, uliza mbele ya kusaini kontrati yoyote. Kwa mwanafunzi mwenyewe kutoka inje ya Umoja wa Ulaya, ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na usichezee hiyo, wanahesabu.

Pembeni ya Gent, upande wa Lochristi, kuko manyumba ya vioo yenye wanakuzia maua ya azalea, ile yenye jina lake linalindwa na sheria ya Ulaya. Nilipata kazi kule kwa njia ya ofisi ya kazi za muda. Lisansi yangu hawakuiomba. Kazi ni kukata vikonyo, kupanga vyungu, kubeba. Wiki ya kwanza niliona haya, sikumwambia baba. Wiki ya pili mkubwa wa kazi alinikuta naangalia majani yenye yalikuwa yanageuka manjano, mishipa ikibaki kijani. Nikamwambia kwa Kiholanzi changu cha 1.2: "Maji. Chokaa mingi." Azalea inapenda udongo wenye asidi, maji ikiwa na chokaa, haipate chuma. Akapima. Kisha pale hakunipatia cheo, musifikiri ni filme. Alinihamisha tu ku upande wa kumwagilia, na mshahara uleule. Lakini alianza kuniuliza mambo.

Juu ya diplomi, hapa musikie vizuri, hasa wenye walimaliza mu mfumo wa zamani. Lisansi yetu ya zamani ni miaka mitano: gradua tatu, kisha mbili. Toka mwaka wa masomo 2021-2022, LMD imeenea ku nchi nzima, na mu LMD lisansi ni miaka mitatu. Mtu wa Bulaya akisoma neno "lisansi" peke, anaweza kukuhesabia mitatu na kukutupia miwili. Tuma kila mara rileve za pointi za miaka yote, za gradua na za lisansi. Ku Flandre kazi ya kutambua diplomi za inje inafanywa na NARIC-Vlaanderen; upande wa Kifaransa kuko ofisi yake ingine. Dosie yangu iko kule, nangoja.

Mambo madogo yenye yanakulaka makuta: takataka inawekwa mu mifuko ya rangi, mwenyewe unainunua, na rangi ya takataka ya kawaida inategemea mji, ile ya plastiki na mikebe ni ya buluu. Mfuko mbaya, siku mbaya, unabaki mbele ya mlango na aibu yako. Kinga bila taa usiku ni faini, nimelipa. Nyama na maziwa kutoka inje ya Ulaya haziingie mu valizi, na mbegu bila cheti cha fitosanitere pia hapana. Nasema hivyo kama mtu wa agronomi mwenye mama mkwe alitaka kumufungia lengalenga mu soksi.

Sombe, samaki ya kukauka na unga tunatafuta Matonge, kule Bruxelles, nusu saa na kidogo kwa tren. Tunaenda mara moja kwa mwezi, tunarudi tumesikia Kiswahili, Lingala, na makelele ya kutosha.

Mbegu za lengalenga nilizipata mu duka moja hapa Gent. Mwezi wa ine jua lilitoka siku sita mfululizo, nikapanda ku balkoni, majani yakatoka, nikapigia picha familia yote. Siku ya nane asubuhi ilikuwa imelala chini yote, baridi ya usiku iliichoma. Jirani, mama mmoja mzee sana, aliangalia vyungu vyangu na akauliza kazi yangu ni nini. Nikamwambia injenia wa agronomi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kwao, mtu hapandi inje kitu chenye kuogopa baridi mbele ya "watakatifu wa barafu", kati ya tarehe 11 na 15 ya mwezi wa tano. Nikangoja. Nilipanda tena tarehe 17.

Bibi anaweka memwari yake mwezi huu. Kisha hapo tuko na maswali yenye bado hatujajibu: kurudi, ama kuomba ule mwaka mmoja wenye Ubelgiji inapatiaka wenye wamemaliza masomo kwa kutafuta kazi. Kontrati ya bursi yake iko ku meza, tunaisoma wote wawili, mstari kwa mstari. Wenye bursi, musome yenu mbele ya kuota. Jana tulikula lengalenga ya kwanza, kidogo tu, ya sahani moja. Aliongeza chumvi mingi kama kawaida yake.

Mwenye ako na swali aandike hapa chini, nitajibu siku ya Mungu.